Go First: Shirika Lililokufa Likisubiri Injini

Tarehe 2 Mei 2023 shirika la ndege la Go First lilikwenda lenyewe mahakamani mjini Delhi kuomba liwekwe chini ya sheria ya ufilisi ya India. Hakuna mdai aliyeliburuta huko. Kesho yake safari zikasimama, na watu waliokwisha kulipa nauli wakaanza kutafuta njia nyingine ya kufika waendako. Siku shirika linapiga hodi mahakamani, ndege zake 25 zilikuwa zimeegeshwa kwa kukosa injini zinazofaa kuruka. Hiyo ilikuwa karibu nusu ya Airbus A320neo zake zote. Hazikuwa ndege chakavu. Ya kwanza ya aina hiyo iliingia katika shirika hilo mwaka 2016 tu.

Mtendaji mkuu, Kaushik Khona, alimnyooshea kidole mtu mmoja: mtengenezaji wa injini, kampuni ya Kimarekani ya Pratt & Whitney. Kwa hesabu za Go First, injini hizo zilikuwa zimelikosesha mapato na kuliongezea gharama za jumla ya rupia bilioni 108, zaidi ya dola bilioni 1.3 kwa thamani ya wakati ule. Shirika likadai fidia ya takriban rupia bilioni 80.

Kuna tarakimu nyingine ya kuwekwa kando ya hiyo. Deni la Go First kwa mabenki lilikuwa rupia bilioni 65.21. Kwa maneno mengine, kama dai lingelipwa lote siku ile, shirika lingemaliza deni lote la benki na kubakiwa na akiba. Kwenye karatasi, kampuni iliyofilisika ilikuwa inamdai mtu fedha nyingi kuliko ilizodaiwa na benki zake. Inawezekanaje mwenye dai kubwa namna hiyo akose fedha ya kurushia ndege wiki inayofuata? Swali hilo ndilo lililonifanya nikifuatilie kisa hiki kwa miaka miwili.

Jinsi walivyofika hapo

GoAir, kama lilivyoitwa mwanzo, lilianza kuruka mwaka 2005 likiwa mali ya Wadia Group, familia ya zamani ya biashara mjini Mumbai. Lilikuwa shirika la nauli nafuu. Mwaka 2011 liliagiza A320neo 72, na mwaka 2016 likaongeza nyingine 72. Zote 144 zilikuwa za kufungwa injini ya PW1100G-JM ya Pratt & Whitney. Mnunuzi wa A320neo huwa na hiari ya kuchagua kati ya injini hii na ile ya LEAP ya kampuni ya CFM. GoAir liliweka mayai yake yote kapu moja.

Sioni kwamba uchaguzi ule ulikuwa wa kijinga. Injini ya Pratt & Whitney ina sanduku la gia kati ya feni kubwa ya mbele na tabini iliyo nyuma, yaani magurudumu ya mapanga yanayozungushwa na gesi ya moto, hivyo feni huzunguka polepole huku tabini ikizunguka kwa kasi inayoifaa, na kila upande hufanya kazi mahali penye ufanisi zaidi. Mtengenezaji aliahidi kupungua kwa mafuta kwa asilimia 16 ukilinganisha na injini za kizazi kilichotangulia. Kwa shirika la nauli nafuu, ambalo bili ya mafuta ndiyo inayoitafuna kuliko nyingine, ahadi hiyo ni tofauti kati ya faida na hasara. Na ahadi ya mafuta ilitimia. Kilichogoma ni uimara.

Matatizo yalikuja kwa zamu. Kulikuwa na sili za kuzuia uvujaji zilizoharibika, chemba ya mwako iliyochakaa kabla ya wakati, kisha mapanga ya tabini ya shinikizo la chini yaliyovunjika. Machi 2018 mamlaka ya usafiri wa anga ya India, DGCA, iliamuru ndege 11 zisiruke: nane za shirika shindani la IndiGo na tatu za GoAir. Mwaka 2019 ikarudi na amri nyingine ya kubadilisha injini ambazo tabini zake hazijarekebishwa. Joto, vumbi na hewa ya chumvi ya pwani vilizidi kuzichosha injini, na kila iliyoshushwa ilijiunga na foleni ya karakana.

Foleni ndiyo iliyoua. Injini mbovu yenye akiba tayari ya kufungwa mahali pake ni usumbufu wa siku chache. Injini mbovu isiyo na akiba ni ndege nzima iliyogeuka sanamu. Kwa takwimu za Go First lenyewe, sehemu ya ndege zake zilizoegeshwa kwa ajili ya injini ilikuwa asilimia 7 Desemba 2019, ikapanda hadi asilimia 31 Desemba 2020, na kufika asilimia 50 Desemba 2022. Miaka miwili ya kwanza janga la korona liliificha aibu hiyo, kwa kuwa hata ndege nzima hazikuwa na abiria. Abiria waliporudi, Go First halikuwa na cha kuwabebea. Mgawo wake wa soko la ndani ulishuka kutoka asilimia 8.4 Januari 2023 hadi 6.9 Machi ya mwaka huohuo.

Ndege isiyoruka haiachi kula

Ndege za Go First karibu zote zilikuwa za kukodi. Mkodishaji ni kampuni ya fedha: hununua ndege, humkabidhi mwendeshaji, na hupokea kodi kila mwezi. Mkataba wake haujali kama ndege imeruka au imelala. Injini ikiharibika, hilo ni jambo la mwendeshaji na mtengenezaji, na mkodishaji anataka kodi yake tarehe ileile. Kodi ya A320neo mpya katika miaka hiyo ilikuwa takriban dola 300,000 kwa mwezi. Zidisha kwa ndege 25, halafu ongeza bima, maegesho, na mishahara ya marubani walioajiriwa kwa ajili ya ndege hizo.

Shirika lilisema kwamba katika miaka miwili kabla ya kufilisika liliwalipa wakodishaji rupia bilioni 56.57, na kati ya hizo takriban bilioni 16 zilikuwa kodi ya ndege zisizoruka. Ni zaidi ya robo. Fedha hizo hazikutoka kwenye nauli. Zilitoka mifukoni mwa wamiliki, walioingiza rupia bilioni 32 katika miaka mitatu, pamoja na mikopo ya dharura iliyodhaminiwa na serikali kwa ajili ya kuvuka janga la korona. Mkopo wa kuokoa biashara ukaishia kulipia kodi ya ndege isiyo na injini. Hapo ndipo ninapoona uchungu wa kisa hiki, maana kila rupia ya mkopo ule ilikuwa deni jipya lisilozaa chochote.

Pratt & Whitney nayo ina upande wake, na haufai kupuuzwa. Ilisema Go First lina historia ndefu ya kutotimiza malipo yake. Ni kweli pia kwamba shirika lilikuwa limeingia vitani na ngao nyembamba. Katika mwaka wa fedha ulioishia Machi 2022 lilipata hasara ya rupia bilioni 18. Mei 2021 liliomba kuuza hisa kwa umma ili likusanye rupia bilioni 36, mpango ambao haukukamilika. Ushindani wa nauli katika anga ya India hauna huruma hata kwa mwenye injini nzima. Anayesema injini peke yake ndizo zilizoiangusha Go First anarahisisha mambo. Lakini nikitazama asilimia 7 ikipanda kuwa 50, sioni biashara ya usafiri yenye faida finyu ambayo ingepoteza nusu ya vitendea kazi vyake na kubaki hai kwa nguvu zake yenyewe.

Hapo mzunguko ukafunga. Mtengenezaji anasema: lipeni mnachodaiwa ndipo tuzungumze injini. Shirika linajibu: tutalipa kwa kutumia ndege zipi? Kila mmoja alikuwa na hoja ndani ya mkataba, na kila mwezi wa mabishano ulimuumiza mmoja tu kati yao.

Amri ya Singapore

Mkataba ulielekeza migogoro kwenye usuluhishi wa Singapore. Go First likaomba msuluhishi wa dharura, njia ya haraka iliyowekwa kwa mambo yasiyoweza kungoja jopo kamili. Tarehe 30 Machi 2023 msuluhishi aliamuru Pratt & Whitney itoe angalau injini 10 za akiba zinazofanya kazi kufikia tarehe 27 Aprili, kisha 10 nyingine kila mwezi hadi Desemba.

Fanya hesabu ya kawaida. A320neo ina injini mbili. Injini 10 ni ndege tano. Ndege 25 zilizoegeshwa zikihitaji injini zote mbili, ni injini 50, yaani awamu tano: Aprili, Mei, Juni, Julai, Agosti. Ndiyo maana Go First lilisema kwamba amri ikitekelezwa lingerudi katika hali kamili kufikia Agosti au Septemba 2023. Haikuwa ndoto, ila ilitegemea mambo mawili: injini zije kwa ratiba, na fedha za kuvuka miezi mitano hiyo zipatikane.

Tarehe 27 Aprili ikapita. Go First likasema amri haikutekelezwa, likaenda hadi mahakama ya shirikisho ya Delaware, Marekani, kuomba ikaziwe nguvu. Pratt & Whitney kwa upande wake ilisema inaizingatia hukumu ya usuluhishi. Siku tano baada ya tarehe ile, maji yakazidi unga.

Nimeisoma ratiba hiyo mara nyingi, na kila mara narudi kwenye jambo moja. Shirika lilishinda hatua ya kwanza ya kisheria. Lilipata amri, na amri yenyewe ilikuwa ya injini, kitu lilichokihitaji hasa. Bado halikupata hata wiki moja ya ziada ya kuishi. Haki yake ilitembea kwa kalenda ya mawakili, na kodi ya ndege kwa kalenda ya mwezi.

Hata vitabu vya hesabu vililiacha mkono. Kanuni za uhasibu zinazotumika India, kama zile za kimataifa zilizozizaa, haziruhusu dai lililo kwenye mabishano liandikwe kuwa mali mpaka kupatikana kwake kuwe karibu yakini. Deni la benki linaandikwa lote, na kodi isiyolipwa inaandikwa yote. Dai la rupia bilioni 80 linapata aya moja kwenye maelezo ya nyuma ya taarifa, likiwa na bahati. Mkopeshaji anayesoma mizania ile anaona shimo, haoni mlima wa upande wa pili. Kanuni hiyo ina busara yake, kwa sababu bila hiyo kila kampuni inayozama ingejipamba kwa madai hewa. Lakini matokeo yake ni kwamba mwathirika halali wa injini mbovu hawezi kuweka rehani fidia yake ili aishi mpaka atakapolipwa.

Siku 84 baadaye

Tarehe 25 Julai 2023 kampuni mama ya Pratt & Whitney, RTX, ilitangaza tatizo jingine katika familia hiyohiyo ya injini. Unga wa metali uliotumika kufulia diski za ndani kati ya mwisho wa 2015 na 2021 ulikuwa na uchafu mdogo mno unaoweza kuzaa nyufa. Injini zipatazo 1,200 zingehitaji kushushwa na kukaguliwa. Septemba ikasema kwamba nyingine 600 hadi 700 zitalazimika kuingia karakana kati ya 2023 na 2026, kila moja ikichukua siku 250 hadi 300, na kwamba wastani wa ndege 350 duniani zingekuwa zimeegeshwa kwa wakati mmoja mpaka mwisho wa 2026.

Lazima niwe mwangalifu hapa: kasoro hii si ileile iliyoegesha ndege za Go First. Kufa kwa Go First hakutokani na unga wa metali. Ila tangazo lile linatuonyesha sura ya fidia pale mtengenezaji anapokubali kosa mbele ya wateja wote kwa pamoja. RTX ilikadiria gharama ya jumla kuwa dola bilioni 6 hadi 7, sehemu kubwa ikiwa ni fidia kwa mashirika ya ndege, na mzigo ukagawanywa kwa washirika wa mradi. RTX ilibeba asilimia 51, na MTU ya Ujerumani, yenye asilimia 18, ikajitayarisha kwa pigo la takriban euro bilioni moja. Katika robo ya tatu ya 2023 RTX ilikata dola bilioni 5.4 kutoka kwenye mauzo yake kwa mara moja. Hisa zake zilianguka vibaya. Oktoba mwaka huohuo ikatangaza kununua hisa zake yenyewe kwa dola bilioni 10.

Weka hayo mawili bega kwa bega. Kwa mtengenezaji, hitilafu ya injini ni robo mwaka moja mbaya ambayo anaweza kuimeza na kubaki na fedha za kuwafurahisha wenye hisa. Kwa mteja mdogo, ni kifo. Silisemi hili kumtuhumu mtu. Ni tofauti ya ukubwa, na ndiyo inayoamua nani anaweza kusubiri mezani wakati wa kujadili fidia.

Mwenye kutaka ushahidi amtazame jirani. IndiGo, shirika kubwa kuliko yote India, lilikuwa na injini hizohizo, chini ya jua lilelile na mamlaka ileile. Juni 2019 liligeukia CFM kwa ndege 280 zilizofuata, likapunguza utegemezi wake mapema. Tatizo la unga wa metali lilipofika, ndege zake zaidi ya 70 ziliegeshwa, idadi inayozidi ndege zote za Go First. IndiGo likakodi ndege za watu wengine kuziba pengo, likajadiliana fidia na mtengenezaji, na kumaliza mwaka wa fedha ulioishia Machi 2024 kwa faida ya rupia bilioni 81.7. Lilikuwa na fedha benki, na liliweza kungoja.

Wala kulipwa fidia hakutoshi kama afya ya kampuni imekwisha kuharibika. Spirit Airlines la Marekani lilikubaliana na mtengenezaji Machi 2024 kupewa fidia ya kila mwezi iliyokadiriwa kuliongezea ukwasi wa dola milioni 150 hadi 200. Fidia hiyo ilitolewa kwa njia ya salio, aina inayotumika sana katika biashara hii, ambapo mteja huondolewa bili za vipuri na matengenezo badala ya kukabidhiwa fedha taslimu. Salio la vipuri halilipi hati fungani. Tarehe 18 Novemba 2024 Spirit likaomba kinga ya ufilisi, likiwa na deni la zaidi ya dola bilioni moja linaloiva mwaka uliofuata.

Ndege 54 zilizofungwa kamba

Turudi Delhi. Tarehe 10 Mei 2023 baraza la kitaifa la mashauri ya kampuni, ndiyo mahakama ile ya ufilisi, lilikubali ombi la Go First na kuweka zuio: hakuna mdai kuchukua chochote. Kwa wafanyakazi lilikuwa tumaini. Kwa wakodishaji lilikuwa balaa, kwa sababu ndege ambazo ni mali yao zilikwama viwanjani, nao wakalalamika mahakamani kwamba hazitunzwi na kwamba vipuri vinapotea. India ilikuwa imejiunga na Mkataba wa Cape Town mwaka 2008, unaompa mkodishaji haki ya kurudishiwa ndege haraka, lakini ilikuwa haijautungia sheria kamili ya ndani. Wakodishaji duniani wakaanza kuitazama India kama nchi yenye hatari zaidi, na hofu hiyo ikawagusa hata washindani wa Go First. Tarehe 3 Oktoba serikali ikatoa tangazo la kuziondoa ndege katika zuio. Mvutano ukaendelea hata hivyo, mpaka tarehe 26 Aprili 2024 Mahakama Kuu ya Delhi ilipoiagiza DGCA kufuta usajili wa ndege zote 54 ndani ya siku tano za kazi. Sheria kamili ilipitishwa mwaka 2025.

Ndege zilipoondoka, hapakuwa tena na shirika la kufufua. Marubani na mafundi walikwisha kutawanyika kwa waajiri wengine, wengi wakiwa bado wanadai mishahara.

Nimejiuliza ni kitu gani kingeweza kubadilisha mwisho huu, na jibu langu liko kwenye mkataba wa injini, miaka mingi kabla ya Mei 2023. Ningetaka kifungu kinachomlazimu mtengenezaji kuleta injini ya akiba hata kama kuna ugomvi wa malipo, huku fedha inayobishaniwa ikiwekwa kwenye akaunti ya mtu wa tatu mpaka waamuliwe. Ningetaka pia sehemu ya fidia ilipwe taslimu kila mwezi ndege inapokuwa imelala, kwa kiwango kinachokaribia kodi yake, kwa sababu hilo ndilo jeraha linalovuja damu. Mapato yaliyopotea yanaweza kungoja wasuluhishi. Kodi haiwezi. Najua shirika dogo halina ubavu wa kuandikiwa vifungu hivyo kirahisi. Lakini siku ya kuagiza ndege 72 kwa mkupuo ndiyo siku pekee ambayo mnunuzi ana nguvu, kabla hajatia sahihi.

Tarehe 20 Januari 2025 baraza liliamuru Go First lifilisiwe moja kwa moja. Ndege zilikuwa zimekwisha kurudi kwa wenyewe, na leseni isiyo na ndege haina mnunuzi. Katika vitu vichache vyenye thamani vilivyobaki kwa ajili ya wadai, kulikuwa na lile dai la Singapore dhidi ya Pratt & Whitney.